Kipande kimepotea, lakini nafasi yake iko: namna ya kutengeneza upya vipande vya apareyi kubwa za foto za zamani



Wengi kati yetu tulisoma sheria, ekonomi ao udaktari, na tulikomea tukiona kazi ya mikono kama kazi ya yule aliyeacha masomo njiani. Mimi nilisomea mekaniki, na tangu miaka michache nashughulika na kitu ambacho wenzangu wanaona ajabu kidogo: kutengeneza upya vipande vidogo vya apareyi kubwa za foto, zile za mbao, zenye mikunjo kama akodeoni, ambazo fotografe anajifunika kitambaa cheusi kichwani ili aone vizuri. Leo nataka nieleze namna kazi hii inaenda. Mtu mwenye subira, rula na karatasi anaweza kuifanya. Na katika depo za familia zetu kuna apareyi nzima zinangojea moto wa jikoni juu ya kukosa kipande cha mbao chenye ukubwa wa sahani.

Apareyi hizi ni nini kwanza? Iko sanduku la giza tu. Mbele kuna lenzi, nyuma kuna kioo chenye ukungu, katikati kuna mfuko wa mikunjo. Fotografe anatazama sura juu ya kile kioo, inaonekana kichwa chini, miguu juu. Anasogeza mbele na nyuma mpaka sura inakuwa safi. Halafu anaondoa kioo, na mahali pake anaweka shasi, yaani kisanduku bapa ambamo mna kioo cha dawa ao filamu. Foto moja, kipande kimoja. Huku Ulaya vipimo vya kawaida vilikuwa sentimita 9 × 12, 13 × 18, 18 × 24. Kule Marekani walihesabu kwa inchi: 4 × 5, 5 × 7, 8 × 10. Tunaziita kubwa kwa sababu ya ukubwa wa picha yenyewe inayoingia ndani.

Historia yetu ilipita ndani ya masanduku haya. Herzekiah Andrew Shanu, aliyetoka upande wa Lagos, alifika Boma mwaka 1884 na akafanya kazi ya foto huko wakati wa Leopold II, wakati vioo vya dawa vilikuwa vinatawala kazi hiyo. Baadaye alisaidia wale waliokuwa wanafichua ukatili wa utawala ule, akafungiwa milango yote, akajiua mwaka 1905. Casimir Zagourski, Mpolandi, alifungua studio Léopoldville katika miaka ya 1920, na kadi zake za posta zilienda duniani kote. Antoine Freitas, Mwangola, alizunguka Kasai katika miaka ya 1930 na apareyi yake ya sanduku, watu wakamjalia pande zote. Nyuma ya majina haya matatu kuna mafotografe wengi ambao hakuna aliyeandika habari zao: wa misioni, wa mtaa, wa picha za karte. Vifaa vyao, mara nyingine, bado viko.

Lakini viko nusu nusu. Lenzi iko, kibao chake haiko. Shasi ziko tatu, kioo cha nyuma kimevunjika. Na huwezi kuingia butiki ukanunua kipande, maana kila kampuni ilikata vibao vyake kwa kipimo chake. Kibao cha Linhof Technika ya 4 × 5 kina milimita 96 kwa 99. Kibao cha Deardorff ya 8 × 10 kina inchi 6 kwa 6. Apareyi za mbao za Ufaransa na Ubelgiji za kabla ya vita zilikuwa kila moja na desturi yake. Kwa hiyo kipande cha apareyi moja hakiingii katika nyingine, na kampuni yenyewe pengine ilifunga tangu babu yako alikuwa mtoto.

Sheria moja ya kazi yote

Mara ya kwanza nilipopeleka kazi kwa minwizye mmoja, mzee wa heshima hapa Lubumbashi, aliniuliza kama fundi yeyote anavyouliza:

“Nipe mfano, mwanangu.”

“Papa, mfano haiko. Kipande kilipotea.”

“Sasa nikate nini?”

Nikamwonyesha mbele ya apareyi, pale kibao kilipokuwa kinakaa. Akapitisha kidole ndani ya ukingo, taratibu, akazunguka pembe zote nne. Akasema: “Aa. Kipande kilienda, lakini nafasi yake iko.”

Njo sheria yenyewe, na sijapata nyingine bora kuliko hiyo. Hatuigi kipande, tunasoma nafasi kilipokaa na kazi kilichofanya. Hata ukiwa na kipande cha zamani mkononi, usikiamini kabisa: mbao imekauka, imepinda, pembe zimelika. Ukiiga kipande kilicholika, unaiga na ugonjwa wake. Pima pale kinapoingia, ndipo ulinganishe.

Nitaeleza vipande vitatu, kuanzia chepesi kwenda kigumu. Mfano wangu ni apareyi moja ya 13 × 18 ya familia fulani ya hapa. Babu yao alikuwa fotografe. Mnunuzi mmoja alitaka lenzi peke yake, aiweke kama pambo. Mbao zingebaki kuni. Mjukuu wake wa kike akakataa, akasema: kwanza tuone kama inaweza kupiga foto tena.

Cha kwanza: kibao cha lenzi

Kibao hiki kinabeba lenzi na kinazuia mwanga usipite pembeni. Kazi mbili hizo tu.

Pima nafasi kwa pyakulisi, kile kipimo cha chuma chenye meno mawili ambacho mafundi wa magari wanacho. Pima upana juu, katikati na chini. Pima urefu kushoto, katikati na kulia. Mbao ya zamani haiko sawa. Katika apareyi ile nilipata milimita 140.2 juu na 139.6 chini. Chukua kipimo kidogo, halafu punguza nusu milimita, maana wakati wa mvua mbao inavimba, na kibao kilichoingia kwa nguvu mwezi wa nane hakitatoka mwezi wa kwanza. Kwa hiyo tulikata 139.

Kabla ya kugusa mbao, kata karatasi ngumu. Ikiingia vizuri, kata katoni. Katoni ikiingia, ndipo mbao. Karatasi haina bei. Mbao nzuri ina bei.

Mbao gani? Triplex ya milimita 3 ni nzuri kuliko ubao mmoja, maana tabaka zake zimepishana na haipindi haraka. Tulitumia tabaka mbili zilizobandikwa. Ya mbele ina milimita 139 na inakaa juu ya ukingo. Ya nyuma ni ndogo, 126, inaingia ndani ya tundu la apareyi lenye 127. Ukiitazama kwa pembeni, unaona ngazi ndogo. Ngazi hiyo si urembo. Mwanga unaenda moja kwa moja. Ukiulazimisha ukate kona mbili katikati ya rangi nyeusi isiyong’aa, unakufa njiani. Rangi ya tablo ya shule inafaa kabisa. Rangi nyeusi inayong’aa haifai, ni kama kioo.

Halafu tundu la lenzi. Kama lenzi yako imefungwa ndani ya obtirateri ya Compur ao Copal, yaani kile chombo kinachofungua na kufunga mwanga, vipimo vinajulikana: namba 0 inataka tundu la milimita 34.6, namba 1 inataka 41.6, namba 3 inataka 65. Kama ni lenzi ya zamani ya bomba la shaba, ilikuwa na pete ya skrubu iliyopigiliwa juu ya kibao, na pete hiyo mara nyingi njo ya kwanza kupotea. Fundi wa mashini ya tur anaweza kuichonga upya: mpe kipenyo cha meno, na umhesabie meno mangapi yako ndani ya milimita 25.4, maana lenzi nyingi za Uingereza zilikatwa kwa inchi. Kama tur haiko, au bei inashinda mfuko, pasua kibao cha pili chenye tundu la kipimo cha bomba, kaza nusu mbili kwa bulon mbili kama unavyokaza bomba la maji. Lenzi inashikwa bila kuumizwa.

Mwisho, jaribu. Ingia chumba cha giza usiku, weka tochi ya simu ndani ya apareyi, funga lenzi na kifuniko, tazama kwa nje. Kila nyota unayoona ni tundu. Zungusha tochi, tazama na pembe za mfuko wa mikunjo pia.

Cha pili: vibao vya tundu

Lenzi nyingi za karne ya 19 zina mfereji mwembamba ubavuni. Watu wanafikiri imepasuka. Hapana. Mwaka 1858, Mwingereza John Waterhouse alileta wazo la kuingiza humo kijibao cha chuma chenye tundu katikati. Kila kijibao na tundu lake, kubwa ao dogo. Ukitaka mwanga kidogo na picha safi tangu karibu hadi mbali, unaingiza chenye tundu dogo. Vijibao hivyo vilikaa ndani ya kimfuko cha ngozi, na kimfuko kilipotea. Lenzi bila vijibao vyake inabaki wazi kabisa siku zote, na mfereji unaingiza mwanga kama dirisha lisilofungwa.

Hesabu ni ya shule ya sekondari. Namba ya f ni urefu wa fokasi ukigawanywa kwa kipenyo cha tundu. Lenzi ya milimita 300 kwa f/8 inataka 37.5, kwa f/11 inataka 27.3, kwa f/16 inataka 18.75, kwa f/22 inataka 13.6, kwa f/32 inataka 9.4. Kila hatua inakata mwanga nusu.

Lakini hapa wengi wanakwama. Kioo cha mbele kinafanya kazi kama lupu: tundu linaonekana kubwa kuliko lilivyo, na namba ya f inahesabiwa kwa lile linaloonekana. Kulipima ni rahisi. Weka fokasi ya mbali kabisa, toa kioo cha nyuma, weka mahali pake katoni yenye kitundu cha sindano katikati, washa taa nyuma ya kitundu. Mwanga utatoka mbele ya lenzi kama bomba nyoofu. Shika karatasi mbele ya lenzi, pima duara. Tuseme duara lina milimita 55 na tundu la kweli ndani ya bomba lina 50. Gawanya 50 kwa 55, unapata 0.91. Zidisha vipimo vyote kwa hiyo: f/8 inakuwa 34.1, f/11 inakuwa 24.8, f/16 inakuwa 17, f/22 inakuwa 12.4, f/32 inakuwa 8.5. Ukiruka hatua hii, vijibao vyako vyote vitapitisha mwanga zaidi ya namba iliyoandikwa juu yake.

Chuma? Nenda kwenye nyumba ya kuchapisha vitabu, omba plaki za alimini walizokwisha kutumia. Ni nyembamba, nyoofu, zinakatika kwa mkasi mzuri, na mara nyingi wanazitupa. Kata umbo la mfereji, toboa, lainisha ukingo wa tundu kwa papeli ya msasa, paka nyeusi. Acha mkia mdogo utoke nje ili vidole vishike, na uandike namba juu ya mkia.

Kijibao kidogo kinafungua na mlango mwingine. Lenzi nyingi hizi hazina obtirateri. Fotografe alikuwa anatoa kofia ya lenzi kwa mkono, anahesabu, anarudisha. Mkono hauwezi kukata sehemu ya kumi ya sekunde. Lakini ukiweka karatasi ya foto ndani ya shasi badala ya filamu, karatasi ambayo wepesi wake ni takriban ISO 6, na ukiweka f/32, kivulini unahitaji karibu sekunde 5. Sekunde 5 mkono unaziweza bila shida. Kofia yenyewe ni bomba la katoni ngumu lililofunikwa na kitambaa cha veluru ndani.

Cha tatu: kioo cha nyuma

Hiki njo kigumu, si kwa kukitengeneza, kwa kukiweka.

Kukitengeneza: chukua kioo cha dirisha cha milimita 2, uwe nacho cha pili kidogo. Weka unga wa karborundamu na maji katikati, sugua kwa duara, taratibu, mpaka uso wote uwe na ukungu sawa. Ukikosa unga safi, ile pati ya kusagia valvu za motere inasaidia; chagua iliyo laini, maana yenye mchanga mkubwa inaficha sura. Osha. Uso wenye ukungu unatazama lenzi, siku zote.

Kukiweka: uso wa ukungu lazima ukae pahali palepale ambapo uso wa filamu utakaa shasi ikiingia. Kwa shasi za kisasa za 4 × 5, sakafu ya shasi iko inchi 0.197 ndani, yaani milimita 5. Filamu ina unene wa karibu milimita 0.18. Basi uso wa kioo ukae karibu milimita 4.8. Kwa shasi za zamani za vioo, hakuna namba moja. Pima zako mwenyewe. Weka ndani kioo chenye unene wa vile vya zamani, lalisha rula ya chuma juu ya ukingo wa shasi, pima kina kwa mkia wa pyakulisi. Pima shasi zote, maana hazilingani. Halafu inua ao teremsha kioo cha nyuma kwa vipande vya karatasi kwenye pembe mpaka vipimo vilingane. Na ukiweka karatasi ao filamu nyembamba mahali pa kioo kinene, jaza nyuma yake kwa katoni ili ressort iisukume mbele, vinginevyo itakaa nyuma ya mahali pake.

Milimita moja inaleta shida gani? Gawanya kosa kwa namba ya f. Milimita 1 kwa f/4.5 inafanya kila nukta iwe duara la milimita 0.22, jicho linaona ukungu. Milimita hiyohiyo kwa f/32 ni 0.03, hakuna atakayeona. Njo maana apareyi iliyowekwa vibaya inaweza kupiga majumba vizuri kwa miaka, halafu ikaharibu sura ya bibi arusi siku moja, lenzi ikiwa wazi.

Na mashini mpya?

Vijana wananiuliza kuhusu mashini zinazochapa vitu kwa plastiki. Ni nzuri, sana sana kwa vipande vyenye umbo gumu, kama kofia ao vifungo. Lakini plastiki ya kawaida ya mashini hizo, PLA, inaanza kulegea kwenye digrii 60 hivi, na gari lililofungwa juani linakaribia huko. Ukuta mwembamba wa plastiki nyeusi unaweza pia kupitisha mwanga. Jaribu kwa tochi kabla ya kuuamini. Na mashini haikupimii nafasi. Ukiipa kipimo kibaya, itakuchapia ubaya huo vizuri sana.

Heshima kwa kitu cha zamani

Mambo mawili siyaachi. La kwanza, usitoboe apareyi yenyewe. Kama kipande kipya na mwili wa zamani havielewani, kata kipande kipya. Kesho kibao cha kweli kinaweza kuonekana ndani ya sanduku la shangazi, na kitataka nafasi yake ikiwa nzima.

La pili, andika nyuma ya kipande chako mwaka na jina la aliyekitengeneza. Usichonge jina la kampuni ya zamani ili kionekane cha kwao. Kuna watu wanalipa bei ya kitu cha asili wakipewa kitu cha jana, na siku uongo unajulikana, hata kazi nzuri ya fundi inageuka wizi. Minwizye wangu hakutaka kuandika jina lake, alisema ni ubao tu. Nikamwambia: Papa, ubao huu utakaa kuliko sisi wawili. Aliandika kwa kalamu ya mbao, herufi kubwa.

Ile 13 × 18 ilipiga. Mjukuu alimketisha mama yake chini ya mwembe, akatoa kofia, akahesabu mpaka tano, akarudisha. Karatasi ilipotoka ndani ya maji, sura ya mama ilikuwa safi hadi nyuzi za kitambaa cha kichwa. Lenzi haikuuzwa.

Sasa ninaomba kitu kimoja, na hakina gharama. Kama kwenu kuna apareyi ya namna hii, hata kama hamtaki kuitengeneza leo, pimeni nafasi zake: ya kibao cha lenzi, ya kioo cha nyuma, kina cha shasi, mfereji wa lenzi. Chora juu ya karatasi, andika namba kwa milimita, weka karatasi hiyo ndani ya sanduku pamoja na apareyi. Mbao inaweza kuoza, mchwa wanaweza kupita. Atakayekuja nyuma yetu, akikuta zile namba, atakuwa na pa kuanzia.